Noni Hazlehurst: Kazi Yake Ngumu Kuliko Zote Ilikuwa Ile ya Watoto

Mtu akiulizwa awataje waigizaji wa kike wa Australia, haraka haraka atakutajia Nicole Kidman na Cate Blanchett, yaani wale waliovuka bahari na kwenda Hollywood. Noni Hazlehurst hakwenda. Alizaliwa Melbourne tarehe 17 Agosti 1953, wazazi wake wakiwa wasanii wa jukwaa waliohamia huko kutoka Uingereza. Akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, na tangu katikati ya miaka ya 1970 amekuwa akionekana kwenye televisheni ya nchi yake. Huko nyumbani, hata asiyewahi kuingia sinema anaijua sauti yake.

Wasifu wake mwingi huandikwa kwa mpangilio uleule: kwanza tuzo za filamu, kisha tamthilia, halafu mwishoni sentensi moja kwamba "pia alitangaza kipindi cha watoto". Kwangu mimi mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Kipindi kile, Play School, alikitangaza kuanzia 1978 hadi 2001. Usipokielewa, huwezi kuelewa alipata wapi ule utulivu wa uso unaosifiwa katika kazi zake nyingine zote.

Play School kilianza kurushwa na ABC, shirika la utangazaji la umma, Julai 1966, kwa mfano wa kipindi cha BBC kilichokuwa kimeanza miaka miwili kabla. Umbo lake halijabadilika sana. Watangazaji ni wawili, na kuna mpiga piano, wanasesere wale wale (Big Ted, Little Ted, Jemima na Humpty), na madirisha ya maumbo tofauti, la duara, la mraba na la upinde, ambayo mtazamaji "hupitishwa" mojawapo kwenda kuona filamu fupi, tuseme ya kiwanda cha mkate au ya watoto wanaoogesha mbwa. Walengwa ni watoto ambao hawajaanza shule.

Sasa fikiria kazi inayofanyika mle ndani. Mtangazaji haongei na "watoto wapendwa". Anaongea na mtoto mmoja, aliyekaa kwenye zulia hatua chache kutoka kwenye skrini. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka na ngumu mno kuitekeleza, kwa sababu studioni mtoto huyo hayupo. Kuna lensi nyeusi, taa kali, wapiga kamera na msimamizi wa studio anayeonyesha ishara za muda kwa vidole. Macho yakihama hata kidogo kutoka katikati ya lensi kwenda kwenye saa au kwa msimamizi, mtoto nyumbani hugundua kwamba hatazamwi tena, na hapo hugeukia midoli yake. Mtu mzima husamehe jicho lililopotea, lakini mtoto wa miaka mitatu hana adabu ya namna hiyo.

Halafu kuna swali. "Unafikiri ndani ya boksi hili kuna nini?" Baada ya swali lazima kuwe na ukimya, na wengi hushindwa hapo. Mtangazaji mgeni hungoja nusu sekunde, anaogopa, anajijibu mwenyewe. Mtoto alikuwa bado anafungua mdomo. Mzoefu hunyamaza kwa muda ambao studioni unaonekana mrefu wa kutisha, na katika ukimya huo uso wake unasikiliza. Nyusi hazijainuliwa kwa maigizo, na tabasamu halijagandishwa. Kisha anajibu kana kwamba amesikia kitu. Hazlehurst alikuwa bingwa wa kusikiliza kitu kisichokuwepo.

Kosa jingine la kawaida ni sauti ya kubembeleza, ile inayopanda na kushuka kana kwamba kila sentensi ni wimbo. Mtoto huijua upesi kwamba ni ya uongo. Sauti ya Hazlehurst ni ya chini kidogo, ina mkwaruzo mdogo, na alipokuwa mbele ya watoto hakuipandisha. Mwaka 2011 alirekodi video akisoma kitabu kimoja cha utani cha Kimarekani, kilichoandikwa kwa umbo la hadithi ya kulaza watoto lakini kimejaa matusi ya mzazi aliyechoka. Video hiyo ilisambaa sana, na kilichowachekesha watu ni kwamba hakubadilisha chochote. Alisoma matusi kwa sauti ileile, kwa utulivu uleule. Angeongeza utani wake hata chembe, kichekesho kizima kingeharibika.

Kazi za mikono nazo zina mitego yake. Vifaa vya Play School ni vile vya jikoni na kwenye takataka: trei ya mayai, kiini cha karatasi ya chooni, boksi la nafaka, gundi, uzi. Vinatumika makusudi, ili mtoto wa nyumba isiyo na fedha aweze kufanya hivyohivyo mchana huo. Lakini gundi haikauki kwa kasi ya televisheni. Kwa hiyo katika vipindi vya aina hii huandaliwa nakala kadhaa za kitu kimoja, kila moja ikiwa imefikia hatua yake, na mtangazaji hubadilisha kimyakimya huku akiendelea kuzungumza. Vidole vinafanya kazi chini, macho yanabaki juu kwenye lensi, mdomo unasema jambo la tatu, na piano inaelekea kwenye wimbo ambao lazima uanze kwa ufunguo sahihi. Sikio la msikivu, mkono wa fundi na koo la mwimbaji vyote vinahitajika kwa wakati mmoja. Na kitu kikivunjika, hakuna kushtuka, kwa kuwa mtoto naye atavunja chake.

Mwigizaji aliyeyafanya hayo kwa zaidi ya miaka 20 haogopi tena kamera inapousogelea uso wake. Ndiyo maana nasema kazi hii haikuwa ya pembeni.

Na hakuwa amejifungia humo. Mwaka 1982, akiwa tayari uso unaojulikana na watoto, aliigiza Nora katika filamu ya Monkey Grip, iliyotokana na riwaya ya Helen Garner: mama wa mtoto mmoja jijini Melbourne anayempenda mraibu wa heroini, aliyeigizwa na Colin Friels. Filamu ina mapenzi ya wazi kabisa. Yule binti wa Nora aliigizwa na Alice Garner, mtoto wa mwandishi mwenyewe. Hazlehurst alishinda tuzo ya AFI, yaani ya Taasisi ya Filamu ya Australia, ya mwigizaji bora wa kike, na mwaka 1985 akaitwaa tena kwa filamu ya Fran, ya mwongozaji Glenda Hambly, kuhusu mama wa watoto watatu anayeachwa na mumewe na asiyeweza kuishi bila mwanamume, hadi maofisa wa ustawi wa jamii wanaingilia kati. Fran si mama mbaya wa kuchukiwa, na huo ndio ugumu wake. Hazlehurst anamwigiza akiwa mchangamfu na mwenye upendo tele kwa wanawe, na papo hapo asiyetegemeka hata kidogo. Mtazamaji anampenda, huku akiomba watoto wachukuliwe.

Miaka hiyohiyo televisheni ilimpa tamthilia za kihistoria zilizokuwa zikishamiri Australia: Waterfront mwaka 1984, kuhusu mgomo wa wapagazi wa bandari ya Melbourne mwaka 1928, kisha The Shiralee na Nancy Wake, zote za 1987. Katika Nancy Wake alikuwa jasusi maarufu aliyewapigania Wafaransa dhidi ya Wanazi, na miongoni mwa aliocheza nao alikuwamo John Waters, mwenzake wa Play School. Watoto wa nchi hiyo walimwona mjomba na shangazi yao wa asubuhi wakigeuka wapiganaji jioni. Soko dogo huwa hivyo. Vituo vikubwa ni vichache, na mwigizaji anayetaka kula kila mwezi hawezi kuchagua kuwa wa tamthilia tu.

Ndipo tunafika 1995. Mwaka huo alianza kuongoza Better Homes and Gardens kwenye kituo cha Seven, kipindi cha ujenzi mdogo wa nyumbani, mapishi na bustani, akakaa nacho hadi 2004. Wapo wanaoiita miaka hiyo anguko. Mimi siafiki, ingawa sikatai kwamba ilikuwa na gharama. Alianza akiwa na miaka 41 na kutoka akikaribia 51, na hicho ndicho kipindi ambacho majukumu ya wanawake kwenye tamthilia hukauka: umeshapita umri wa kuwa mpenzi wa shujaa, hujafikia wa kuwa bibi yake. Kazi ya kila wiki, yenye mshahara unaoeleweka, katikati ya jangwa hilo, ni hesabu ya busara. Isitoshe, kumweleza mtu jinsi ya kupaka rangi ukuta bila kumdharau ni ustadi uleule wa trei ya mayai.

Aliporudi kwenye filamu alirudi na kishindo. Mwaka 2005 alikuwa mama wa Cate Blanchett katika Little Fish, iliyopigwa magharibi mwa Sydney. Binti ana miaka minne tangu aache heroini, na mama anaishi naye nyumba moja akiwa hamwamini na hawezi kulisema hilo. Tazama jinsi anavyomwangalia bintiye anapoingia mlangoni: anasoma mboni za macho, mikono, mwendo, yote kwa muda mfupi, kisha anazungumzia jambo jingine. Tuzo ya AFI ya mwigizaji msaidizi ikaja. Mwaka uliofuata alikuwa tena mama wa binti mraibu katika Candy, pamoja na Abbie Cornish na Heath Ledger. Ukiziweka filamu hizo na Monkey Grip pamoja unapata kitu adimu: mwanamke mmoja ameigiza heroini kwanza akiwa mpenzi aliyenaswa, kisha, zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa mzazi anayengoja simu ya usiku. Sijui mwigizaji mwingine aliyeuzunguka msiba huu kwa namna hiyo.

City Homicide, 2007 hadi 2011, nitaipita haraka. Alikuwa Bernice Waverley, mkuu wa wapelelezi, na kazi kubwa ya wakuu wa wapelelezi kwenye televisheni ni kusimama ofisini na kudai matokeo. Alisimama vizuri.

A Place to Call Home ni habari nyingine. Ilianza 2013 kwenye Seven, ikiwa imebuniwa na Bevan Lee, na inahusu familia ya kitajiri ya Bligh katika mji wa kubuni wa mashambani New South Wales, miaka ya 1950. Hazlehurst ni Elizabeth, mama mkuu wa nyumba, mwenye chuki dhidi ya muuguzi Myahudi, Sarah, anayeigizwa na Marta Dusseldorp. Hapa anatumia silaha moja tu, kutotikisika. Wengine wanazunguka chumba, yeye ameketi. Hapandishi sauti, hupunguza mwendo wa maneno. Misimu ikisonga anamlainisha Elizabeth taratibu kiasi kwamba huwezi kuonyesha kidole mahali alipobadilika.

Yaliyoipata tamthilia hiyo yanafundisha jinsi vituo vinavyopima watazamaji. Ilikuwa na watazamaji wengi, lakini walikuwa watu wazima mno kwa wauza matangazo, na Seven wakaikata baada ya misimu miwili. Mwisho wa msimu wa pili ukatengenezwa upya ili hadithi ifungwe. Kelele za mashabiki zilipopanda, kampuni ya televisheni ya kulipia ya Foxtel iliichukua, ikaurudisha mwisho wa awali uliokuwa umeachwa wazi, na hadithi ikaendelea hadi msimu wa sita mwaka 2018. Anayeitazama leo ahakikishe amepata mwisho sahihi wa msimu wa pili, yaani ule wa awali, la sivyo msimu wa tatu utamchanganya: mambo yaliyokwisha kutatuliwa yatakuwa hayajatatuliwa.

Mei 2016 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Logie, tuzo za televisheni za Australia. Ukumbi huo ulianza 1984. Katika miaka 32 hiyo, mwanamke aliyekuwa ameingizwa kwa jina lake mwenyewe kabla yake alikuwa mmoja tu, Ruth Cracknell, mwaka 2001. Hazlehurst alilitaja jambo hilo palepale jukwaani, bila kupaza sauti, kisha akatumia muda uliobaki kuzungumzia taarifa za habari zilizojaa ukatili na jinsi zinavyoonekana kwa macho ya mtoto mdogo. Waliokuwa wamezoea hotuba za kushukuru mawakala walishangaa. Mimi sioni cha kushangaza, maana huyo mtoto wa kwenye zulia alikuwa ameongea naye tangu 1978.

Hajaacha kazi. Kwenye jukwaa alibeba peke yake Mother, mchezo wa Daniel Keene kuhusu mwanamke mlevi asiye na makazi, kazi ya zaidi ya saa nzima bila mtu wa kumpokea sentensi. Kwenye tamthilia ya vichekesho ya The Letdown alikuwa Ambrose, kiongozi mkavu wa kikundi cha kina mama wapya, na SBS, shirika jingine la utangazaji la umma, ilimpa kipindi cha Every Family Has a Secret, ambamo anawaongoza watu wa kawaida kufukua siri za wazazi na babu zao. Humo utauona tena ule ukimya baada ya swali.

Kwa asiyewahi kumtazama, nashauri asianze na A Place to Call Home, kwa kuwa ni ndefu na wahusika ni wengi. Aanze na Little Fish, kisha Fran, halafu atafute vipande vya zamani vya Play School ambavyo watu wamevihifadhi mtandaoni, hata dakika tano tu, na avitazame akiwa ameketi chini sakafuni.