Mjomba na Maji ya Rangi

Kabla hajajulikana kwa hadithi za watoto, Beatrix Potter wa Uingereza, ambaye kitabu chake cha sungura kilitolewa kibiashara mwaka 1902, alikuwa akichora uyoga na misitu kwa rangi za maji, na michoro hiyo ndiyo iliyonipeleka Newala na boksi la rangi, nikinuia kuchora kichaka kilichosalia nyuma ya mikorosho ya mjomba. Lakini Potter alinunua shamba lake la Hill Top, mwaka 1905, katika eneo ambalo Waingereza wenyewe wanaliita Wilaya ya Maziwa, penye mvua tele, ilhali Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa ya taabu tangu enzi za mababu.

Bibi alinipimia kikombe kimoja cha bati. "Mjukuu wangu, hayo yakiisha, chorea mate."

Rangi za maji zinataka subira: nyepesi hutangulia, nzito hungoja ya kwanza ikauke, na mwanga haupakwi, bali karatasi huachwa wazi. Nilianza na majani makavu, nikawa nasuuza brashi yenye manjano na hudhurungi, hata maji kikombeni yakafanana kabisa na uraka, ile pombe ya mabibo, ambayo msimu wa korosho haikosekani kijijini.

Mjomba alitoka shambani na kiu yake. Sijamaliza kusema shikamoo, kikombe kilikuwa kinywani. Alikunywa taratibu, kwa heshima ya mtu anayeonja kazi ya fundi mwenzake, akafuta masharubu, kisha akatoa hukumu: "Uraka huu bado mchanga, na aliyeukamua hakuchuja."

Nilipomweleza alichokunywa, niliyetetemeka ni mimi, nikiligeuzageuza boksi hadi nikaona maandishi kwamba rangi zile ni za watoto wa shule na hazina sumu. Yeye lililomsumbua ni deni la maji tu. Aliingia ndani, akarudi na kikombe kilichojaa uraka wa kweli.

"Rangi ni ile ile, mpwa wangu. Endelea."

Kwa kuwa bibi alikwisha kulifunika pipa lake, niliendelea, na kwa kweli shina la mkorosho lilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Muda si muda shina hilo likaanza kutembea. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye mkorosho wenyewe hadi kwenye ule wa karatasi, wakifuata utamu wa mabibo, wakaujaza mti tawi kwa tawi bila kuigusa anga, ambayo nilikuwa nimeipaka kwa maji matupu. Potter alichora uyoga kwa usahihi ambao wataalamu bado wanausifu, lakini sidhani kama mti wake wowote uliwahi kupata wapangaji.

Mjomba aliinama juu ya karatasi, meno yakiwa bado na manjano ya boksi langu, akaitazama kwa makini, kisha akauliza kama wadudu nitawauza pamoja na picha au kila kitu na bei yake.