Mbegu ya mwaka wa joto si mbegu ya mwaka wa baridi

Mfuko wa mbegu za miti ukiwa na lebo nzuri, utasoma jina la spishi, mahali zilipokusanywa, mwinuko, tarehe na pengine idadi ya miti-mama. Mimi naona lebo hiyo haijakamilika. Haisemi hali ya hewa ilikuwaje wakati kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kinaundwa juu ya mti, na kwa baadhi ya miti taarifa hiyo ina uzito unaokaribia ule wa mahali penyewe.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote umetoka Norwei, kwenye msprusi wa huko, Picea abies, mti wa mbao unaozaa koni badala ya matunda. Wanamisitu walichukua vikonyo vya miti ya kaskazini, latitudo 64 hadi 66, wakavibebesha, yaani wakaviunga kwenye mashina mengine, na kuvikuza kwenye bustani ya mbegu ya Lyngdal, latitudo 58, kusini kabisa mwa nchi. Sababu ilikuwa ya maana: kaskazini msprusi huzaa koni kwa nadra na mbegu nyingi hazikomai, ilhali kusini joto linatosha. Miche ilitarajiwa kufuata wazazi, yaani isimamishe ukuaji mapema na kufunga tumba, kile kichipukizi kilichofungika ambamo ncha hulala msimu wa baridi. Badala yake ilichelewa, ikawa na tabia ya miti ya kusini. Huko kuchelewa si jambo dogo. Tawi changa ambalo bado ni laini sakitu (baridi ya kugandisha) ya kwanza inapopiga hufa ncha, na mti uliokufa ncha huchipua vichwa viwili, mbao ikaharibika.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa chavua ya kusini, kwa kuwa chavua ya misprusi husafiri mbali kwa upepo. Shaka hiyo huondolewa kwa uchavushaji wa kudhibitiwa: maua ya kike yanafungwa mifuko kabla hayajafunguka, kisha yanapewa chavua ya baba anayejulikana. Øystein Johnsen na wenzake walifanya hivyo, wazazi walewale, joto tofauti, na miche bado ikatofautiana. Ikabaki shaka ya pili, nayo ni nzito zaidi: huenda joto huua viinitete fulani ndani ya koni na kuacha vingine, ukawa ni mchujo wa kawaida wa kijenetiki. Mwaka 2008 Harald Kvaalen na Johnsen waliimaliza kwa kukuza viinitete maabarani kutoka tishu ya jenotipu moja, yaani yenye DNA ileile, kwenye nyuzi joto 18, 23 na 28. Miche iliyotokana na joto la juu ilichelewa kufunga tumba, kwa tofauti inayokaribia ile ya kuhamisha asili ya mbegu digrii 4 hadi 6 za latitudo. DNA ni ileile, kalenda ni nyingine.

Hiyo ndiyo epijenetiki: kundi la methili, kipande kidogo cha kikemikali, linabandikwa kwenye sitosini (herufi C ya DNA), au histoni, protini zinazofungia DNA, zinawekewa alama, au RNA ndogo zinaelekeza jeni gani inyamazishwe, bila herufi yenyewe kubadilika. Mimea haifuti alama zake za methili kati ya kizazi na kizazi kwa kiwango kinachofanywa na mamalia, na ndiyo maana tunatarajia kuyaona haya kwenye miti.

Lakini tusishangilie upesi. Kipimo cha methili kina mitego. Njia ya kawaida ni kutia DNA kemikali ya bisulfiti: sitosini isiyo na methili hugeuka na mashine huisoma kama herufi nyingine, T, yenye methili hubaki C. Ugeuzaji usipokamilika, unaona methili isiyokuwepo, kwa hiyo sampuli huchanganywa na DNA ya virusi lambda isiyo na methili na kukaguliwa kama asilimia 99 au zaidi imegeuka. Mtego mbaya zaidi ni huu: mti mmoja ukiwa na T ya kuzaliwa pale ambapo jenomu ya rejea, ile DNA ya mfano tunayolinganishia, ina C, programu itaripoti methili imepotea, kumbe ni tofauti ya kijenetiki tu. Kwenye msprusi, wenye jenomu ya herufi takriban bilioni 20, makosa ya namna hiyo yanajazana. Majani nayo yawe ya umri uleule na yachukuliwe saa ileile ya siku, la sivyo unapima umri wa jani.

Kumbukumbu hii ya joto ambayo mbegu huibeba pia haina hekima. Inabeba hali ya hewa ya mwaka mmoja tu, na mti utaishi miaka mingi. Mwaka wa joto ukifuatwa na miaka ya sakitu ya mapema, kumbukumbu ndiyo inayoua. Sioni sababu ya kuiita ukabilianaji, yaani kujirekebisha kulingana na mazingira, kabla ya kujua mche unapelekwa wapi.

Kwa wenye vitalu huku kwetu, mfano wa mipopla ya Kanada unatugusa moja kwa moja. Mwaka 2011 watafiti wa Toronto walionyesha kwamba vipandikizi vya klono ileile (miti iliyotokana na mti mmoja bila mbegu, yenye DNA moja) kutoka vitalu tofauti, vikikuzwa pamoja kisha vikanyimwa maji, huwasha jeni kwa namna tofauti kulingana na kitalu vilikotoka. Anayenunua mikaratusi ya klono kwa namba tu afikirie hapo. Njia ya kuhakiki ni kuchukua klono moja kutoka sehemu mbili, kuikuza pamoja mpaka itoe vipandikizi vipya, kisha kujaribu hivyo vipya. Vile vya kwanza vinabeba akiba ya chakula na magonjwa ya kitalu cha zamani, na ukivijaribu moja kwa moja hutajua ni kipi kimekupa jibu.

Wala usichanganye haya na kukomaza miche kwa kupunguza maji wiki chache kabla ya kupanda. Hilo ni zuri, lakini faida yake huonekana kwenye mche huohuo, na haiwi urithi.

Ninachodai ni kidogo: lebo iongezwe wastani wa joto na mvua tangu kuchavushwa hadi kuvuna, kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, na kwa vipandikizi jina la kitalu cha mama na mwaka. Mavuno ya miaka miwili yasimwagwe gunia moja hata kama ni ya mti uleule.