Rambirambi za askari wa zimamoto zichangwe kabla ya msiba

Hapa Tanga mtu akifariki, daftari la michango hufunguliwa kabla kaburi halijachimbwa. Ngamiani, Makorora, Mabawa, kote kuna vyama vya kufa na kuzikana, na aliyelipa ada zake anajua sanda na chakula cha matanga havitawasumbua watoto wake. Sasa niambieni, askari wa zimamoto akiangukiwa na paa katika moto wa duka letu, daftari lake analo nani?

Mtasema ni mtumishi wa serikali, ana mafao yake. Ni kweli. Lakini aliyewahi kufuatilia mafao ya marehemu anaijua safari hiyo: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kumthibitisha msimamizi wa mirathi, barua, mhuri, njoo wiki ijayo. Mwenye nyumba hangoji mhuri. Ndiyo maana nataka tuwe na mfuko wa msaada wa wazimamoto, kazi yake iwe kuziba pengo hilo la miezi ya mwanzo: kodi, ada za shule, nauli ya mjane, dawa za aliyeungua asizolipiwa na bima.

Wenzetu wameliona hili zamani. Uingereza walianzisha mfuko wa zimamoto mwaka 1943, mabomu ya vita yakiwa yameacha wajane na yatima wengi wa askari hao, na mpaka leo upo, unawahudumia hata majeruhi na wenye msongo wa mawazo. Ila ninaoupenda zaidi ni utaratibu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kule kampuni za bima za moto zinazotoka nje ya jimbo hutozwa kodi ya asilimia 2 ya michango ya wateja wao, na fedha hizo huenda kwenye vyama vya misaada vya wazimamoto wa kujitolea. Zinawalipia bima, zinawanunulia mavazi ya kujikinga, zinamsaidia aliyeumia kazini. Mkaguzi mkuu wa jimbo hupitia hesabu. Hakuna anayetembeza bakuli.

Na si vifo vya siku ya moto tu. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitaja kazi ya zimamoto kuwa inasababisha saratani. New York ilipoteza wazimamoto 343 siku ya Septemba 11, 2001; waliokufa baadaye kwa maradhi ya vumbi na moshi ule sasa wameipita idadi hiyo. Ugonjwa wa namna hii humkuta mtu amestaafu, na rambirambi za kazini zimeshasahaulika.

Kwetu msaada bado unategemea nani ameonekana. Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, mvuvi Majaliwa Jackson aliingia majini kuokoa abiria mpaka akapoteza fahamu. Alipewa fedha, akapewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili kabisa. Lakini nchi nzima ilikuwa inatazama. Anayeingia kisimani usiku kumtoa mtoto wa jirani hana kamera, na mfuko ninaoutaka ungemtambua na yeye.

Fedha zitoke wapi? Wafanyabiashara tayari tunalipa tozo ya ukaguzi wa zimamoto, tunanung'unika, tunalipa. Sehemu ndogo ya tozo hiyo, pamoja na kipande cha bima za moto, itengwe kisheria, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) aikague kila mwaka. Bila ukaguzi mimi mwenyewe sichangii hata shilingi. Tumeshaona mifuko mingi ikiota mabawa. Najua pia wapo watakaokumbushia utani wa gari kufika maji yameisha. Askari hakununua gari lile, jamani.

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia kwenye matangi ya Chongoleani, hapa hapa kwetu, na Morogoro mwaka 2019 tuliona lori moja tu la mafuta lilivyoua watu zaidi ya mia. Matangi yale yakiwaka, watakaotangulia mbele ni vijana wa zimamoto. Kwa hiyo wenye matangi ndio waanze kuchanga, tena kwa kiwango kikubwa, kabla ya kumgusa mama ntilie.