Beatles, Stones na keki ya Baba Mdogo

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, santuri za Kizungu zilikuwa mbili tu. Zilizobaki zote zilikuwa za dansi na taarabu. Hizo mbili alikuja nazo Baba Mdogo, aliyekuwa baharia, katika safari moja, amezizungushia fulana ndani ya begi zisije zikavunjika. Moja ilikuwa na wanaume wanne wanavuka barabara kwenye mistari ya pundamilia, mmoja wao pekupeku. Nyingine ilikuwa na keki.

Ile keki ilitutoa roho sisi watoto. Imekaa juu ya tairi, tairi juu ya piza (ambayo hatukuijua, tukaiita chapati yenye ndui), piza juu ya uso wa saa, na vyote vimepangwa kwenye mtambo wa kupigia santuri. Juu ya sukari ya keki vimesimama vidoli vya wanamuziki. Geuza jalada: nyuma kila kitu kimevurugika na keki imemegwa. Tulikuwa tunaligeuza mbele nyuma, mbele nyuma, kama vile safari moja tutaikuta imerudi nzima. Ukubwani nikaja kujua kwamba aliyeipika ni Delia Smith, ambaye baadaye alikuwa mpishi maarufu wa televisheni huko Uingereza.

Ya pekupeku ni *Abbey Road* ya Beatles. Ya keki ni *Let It Bleed* ya Rolling Stones. Bendi zote mbili za Uingereza. Zote za mwaka 1969, ya kwanza Septemba, ya pili Desemba. Mama alikuwa wa Pekupeku, Baba Mdogo wa Keki, na radiogramu ilikuwa moja.

Tanga ya wakati ule ilishazoea mambo ya pande mbili. Mji mmoja, Atomic Jazz huku, Jamhuri Jazz kule. Kwenye taarabu una Black Star na una Lucky Star. Mtu hajamaliza hata kunywa maji aliyokaribishwa, ameshakuuliza wewe uko wapi. Kwa hiyo mabishano ya Mama na shemeji yake hayakumshangaza mgeni. Mama alisema wale wa keki wanapiga kelele kama wanagombania chenji. Baba Mdogo akajibu, "Shemeji, hao wako ni wa kubembelezea mtoto alale."

Nimekuja kukuta kwamba dunia nzima inabishana hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Beatles watoto wema, wenye sauti tamu na adabu. Stones wahuni, watu wa mtaani, ndio muziki wa kweli. Hapo ndipo ninapoachana na mashabiki wa pande zote mbili, hata wa upande wangu. Miaka 60 sasa watu wanalinganisha nguo.

Chukua hao watoto wema. Ni vijana wa Liverpool, mji wa bandari, waliokwenda Hamburg mwaka 1960 kupiga muziki kwenye vilabu vya mtaa wa starehe mpaka kunakucha, wamevaa majaketi ya ngozi, wakimeza vidonge ili usingizi usiwachukue. George Harrison alirudishwa kwao kwa sababu hajatimiza miaka 18. Suti alikuja kuwavalisha meneja, Brian Epstein, aliyekuwa anasimamia duka la santuri la familia yake. Sasa njoo kwa wahuni. Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, alikuwa mwanafunzi wa London School of Economics. Charlie Watts alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo. Jagger na Keith Richards, waliojuana tangu wadogo, walikutana tena mwaka 1961 kwenye stesheni ya treni ya Dartford, Jagger amekumbatia santuri za Chuck Berry na Muddy Waters alizoagiza Marekani kwa posta. Nani mhuni hapo? Huyo ni mkutubi.

Uhuni ulikuwa kazi ya Andrew Loog Oldham, meneja wa miaka 19 ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anamfanyia Epstein kazi ya kuwatangaza Beatles. Mwanzoni naye aliwashonea vijana wake makoti ya sare. Halafu akaona nafasi ya wavaa sare imeshachukuliwa, akayatupa, akaanza kuwapelekea waandishi wa magazeti habari za kuwatisha wazazi. Hesabu ya biashara ya kawaida kabisa: mwenzako akiuza chai ya maziwa, wewe fungua ya rangi.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanaelewana vizuri. Dick Rowe wa kampuni ya Decca, ambayo mwaka 1962 iliwakataa Beatles, mwaka uliofuata aliambiwa na Harrison mwenyewe kwamba akawaangalie Stones, naye akawasaini. Mwaka huo huo John Lennon na Paul McCartney walikwenda kwenye mazoezi ya Stones wakiwa na wimbo ambao haujaisha, wakakaa pembeni, wakaumalizia pale pale na kuwaachia. Ulifika namba 12 kwenye chati ya Uingereza. Baadaye wakawa wanaulizana tarehe za kutoa nyimbo ili mmoja asimbanie mwenzake. Wakati vijana wanakatana kauli mitaani kwa ajili yao, wao wanapangiana zamu. Hapa kwetu tumemwona mwimbaji Muhiddin Gurumo: mwaka 1978 ametoka Juwata, ndiyo Msondo, kwenda kwa wapinzani wao Mlimani Park, ndiyo Sikinde, akawa nguzo yao, miaka ya baadaye huyo amerudi Msondo. Wanamuziki wanahama, shabiki ndiye anayebaki analinda geti.

Hoja ya kuigana nitaigusa tu. Ndiyo, *Sgt. Pepper* ya Beatles ilitoka katikati ya mwaka 1967, na Desemba Stones wakatoa albamu yenye jalada la rangi rangi na mavazi ya maruhani, na ilikuwa hovyo. Nakubali, sina utetezi. Lakini wanaosema jina la *Let It Bleed* lilichokolewa kwenye *Let It Be* waangalie kalenda: ya keki ilitoka 1969, ile nyingine 1970.

Tukishawavua wote nguo, kwangu zinabaki drams.

Sisi tuliolelewa na dansi sikio letu linaanzia chini, kwenye miguu, ndipo linapanda. Mtafute Charlie Watts kwenye video yoyote, uangalie mkono wake wa kulia, unaogonga yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu. Mpiga drams wa kawaida anagonga matoazi mfululizo, hata pale mkono wa kushoto unapoangukia ngoma ndogo. Watts hafanyi hivyo. Kila kushoto kunapoangukia ngoma ndogo, kulia kunanyanyuka na kubaki hewani. Panakuwa na pengo jembamba, na ndani ya pengo hilo ile ngoma ndogo inasikika peke yake, kavu, kama mlango uliofungwa na mtu aliyekasirika lakini hataki kugombana mbele ya wageni.

Halafu kuna nani anamfuata nani. Kwenye bendi nyingi drams ndizo zinaongoza. Kwenye Stones gita la Richards linatangulia, Watts analifuata kwa nyuma kidogo, na besi ya Bill Wyman inachungulia mbele kidogo. Wyman mwenyewe aliwahi kulieleza hilo. Na hilo gita la Richards lina nyuzi tano. Wa sita aliung'oa, akalityuni upya ili hata akipiga bila kubonyeza kitu likubali kuimba. Ukivijumlisha hivyo, muziki unatembea kama mama aliyejitwika ndoo bila kuishika: maji yanacheza mpaka ukingoni na hayamwagiki. Mtu wa dansi anausikia mwendo huo mara moja. Baba Mdogo aliusikia kwenye duka la bandarini, hajui hata nani anaimba.

Ringo Starr naye nitamtetea, ingawa si wa kwetu. Kuna ule msemo kwamba Lennon alisema Ringo hakuwa mpiga drams bora hata ndani ya Beatles. Lennon hakuwahi kusema hivyo. Ni mzaha wa wachekeshaji wa Uingereza wa miaka ya 1980, yeye ameshakufa. Ringo ni mtu wa mkono wa kushoto aliyekaa nyuma ya drams zilizopangwa kwa mtu wa kulia. Anapotaka kuzunguka ngoma zake mikono inaanzia upande usiotarajiwa, na kinachotoka hakifanani na cha mtu mwingine. Sikiliza wimbo wa kwanza wa *Abbey Road*, namna ngoma zinavyoviringika chini ya besi. Tena hakupenda kujionyesha. Katika rekodi zote za Beatles amepiga solo moja tu, mwishoni mwa albamu ile ile, na hata hiyo ni fupi.

Ila sikiliza tofauti yao. Ringo anauhudumia wimbo: kila mmoja anaubunia mapigo yake, kama fundi anayemshonea kila mteja kwa vipimo vyake. Watts anaihudumia bendi. Ndiyo maana Beatles wana nyimbo nzuri zaidi, na hilo silibishi kwa mtu yeyote mwenye masikio, na Stones ni bendi nzuri zaidi. Mama hakuwa na makosa. Alikuwa anatafuta nyimbo, za kuimba huku anakuna nazi. Ule wa Harrison, wa jua, aliuimba kwa maneno ya kwake yasiyo Kiingereza wala Kiswahili, na sijausikia ukiimbwa vizuri zaidi.

Mimi ni wa Keki. Sababu ni wimbo wa kwanza wa santuri ile, "Gimme Shelter", na mwimbaji Merry Clayton. Walimwamsha usiku huko Los Angeles, mjamzito, akaenda studio na vibiringisho vya nywele kichwani. Kuna mahali anapanda juu mpaka sauti inapasuka, na nyuma yake unamsikia Jagger akipiga kelele ya mshangao. Hawakuifuta. George Martin, prodyuza wa Beatles, nadhani angemwambia arudie, na angekuwa na haki yake, maana kazi yake ilikuwa kusafisha. Kwenye wimbo wa mwisho wa santuri hiyo hiyo kuna kwaya ya London, na chini yake tumba zinazopigwa na Rocky Dijon, Mghana. Baba Mdogo alikuwa anapunguza kwaya kwa kuziba sikio moja, eti abaki na tumba. Sijui kama ilisaidia.

Watu wa upande wangu wana hoja moja inayonikera: kwamba Stones wameshinda kwa kuwa bado wapo. Beatles waliacha kufanya ziara mwaka 1966 na wakavunjika 1970. Stones wanazunguka viwanja vikubwa mpaka uzeeni, hata baada ya Watts kufariki mwaka 2021. Sawa, lakini kudumu ni afya na mikataba mizuri. Ukiniuliza, Stones wa kubishania ni wa 1968 hadi 1972, albamu nne mfululizo. Nyingi zilizofuata ni pensheni. Nikisema hivi mbele ya wenzangu naambiwa mamluki.

McCartney naye mwaka 2021 alisema kwenye jarida moja la Marekani kwamba Stones ni bendi ya kupiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, za watu wengine. Wenzangu wakachemka. Mimi sikuona tusi. Jina lenyewe walilitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters, na mwaka 1965, walipoalikwa kwenye televisheni ya Marekani, walishinikiza Howlin' Wolf naye apande jukwaani, mzee wa bluzi ambaye Wamarekani weupe wengi hawakuwahi kumwona. Na Beatles walianza na nini kama si nyimbo za Chuck Berry na Isley Brothers? Wote walikuwa wanachota kisima kimoja, cha watu weusi. Tofauti ni kwamba mmoja alichota akaenda kupikia mambo yake, mwingine akabaki kisimani.

Mwaka 2023 Stones walitoa albamu mpya, *Hackney Diamonds*. Nilipokwenda Tanga nikamkuta Baba Mdogo barazani, macho yamepungua nguvu, masikio bado. Baada ya shikamoo na habari za watu wote nikamchezea wimbo mmoja kwenye simu, "Bite My Head Off", bila kumwambia kitu. Jagger alimtambua kabla hajamaliza neno la kwanza, akacheka. Katikati besi ikaingia, inakwaruza kama gari linaloshuka mlima bila breki. Akaniinulia kidole ninyamaze.

"Huyu wa besi nani? Si Wyman huyu."

"McCartney, Baba Mdogo."

"McCartney yupi?"

"Yule yule. Wa pekupeku."

Akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Akaniambia niurudie, nikaurudia. Halafu akageukia mlangoni, ambako Mama alikuwa ndani anachambua mchele, akashusha sauti:

"Mama yako asijue."