Msitu wa Uingereza hautuzidi kwa miti, unatuzidi kwa njia

Tunaoishi Uingereza tukipiga simu nyumbani huulizwa habari za kazi, baridi na mshahara. Msitu hauulizwi kabisa, na si ajabu. Nani atafikiri Mwingereza ana msitu wa kumwonyesha mtu wa pwani ya Kenya? Kwa miti kweli hana. Takriban asilimia 13 tu ya ardhi ya Uingereza ina misitu, na ile misitu ya kale, yaani iliyo mahali palipodumu kuwa msitu tangu 1600 (1750 kwa Scotland), ni asilimia mbili na nusu hivi. Arabuko-Sokoke peke yake, kati ya Kilifi na Malindi, una kilomita za mraba zipatazo 420. Ni mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, Jumapili asubuhi fundi bomba wa London anaingia msituni kwa wepesi ambao kijana aliyezaliwa ukingoni mwa Arabuko hana. Jambo hili linaniuma, na nitalieleza kwa kulinganisha sehemu mbili: kijiji cha Aldbury na misitu ya Ashridge huku, magofu ya Gede na Arabuko-Sokoke huko kwetu.

Aldbury iko Hertfordshire, kwenye vilima vya Chiltern. Kwa asiye na gari, treni ya kutoka Euston hadi stesheni ya Tring huchukua dakika 40 hivi. Usidanganywe na jina, kwani mji wa Tring uko mbali na stesheni na upo upande mwingine. Aldbury ndiyo iliyo karibu, mwendo wa kilomita moja na nusu hadi mbili kwa miguu. Katikati ya kijiji kuna kidimbwi, na kando ya kidimbwi umesimama mkatale wa mbao wenye matundu ya kufungia miguu, pamoja na nguzo ya kuchapia watu viboko. Vimeachwa wazi juu ya nyasi, bila kioo wala tiketi.

Kutoka kijijini njia inapanda moja kwa moja katikati ya miti ya biichi hadi kwenye mnara wa Bridgewater. Ulijengwa 1832 kumkumbuka Dyuki wa tatu wa Bridgewater, aliyechimba mfereji wa kubebea makaa ya mawe hadi Manchester. Kupanda huko ni kwa dakika chache lakini ni kukali, na hapo ndipo wageni wengi hukosea viatu. Udongo wa juu ya vilima hivi una mfinyanzi na mawe makali ya gumegume, na mvua ikinyesha huteleza hata siku tatu baadaye. Raba za mjini hazifai. Vaa buti zinazoshika kifundo cha mguu, zenye meno marefu chini, na ubebe soksi za kubadilisha.

Wengi huja kwa ajili ya maua ya bluebeli, yanayofunika ardhi yote kwa rangi ya buluu kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei. Dockey Wood, sehemu mojawapo ya Ashridge, inajulikana sana kwa maua hayo. Kinachoharibika pale ni jani. Bluebeli inawahi kuota kabla majani ya biichi hayajafunga anga, na katika wiki hizo chache jani lake ndilo linalotengeneza chakula cha kuwekwa kwenye tunguu lililo chini ya udongo. Ukilikanyaga, tunguu linakaa na njaa mwaka mzima, na sehemu iliyopondwapondwa huchukua miaka kurudi. Ndiyo maana magogo yamelazwa kandokando ya njia, na anayeingia katikati ya maua kupiga picha hukemewa na watu asiowajua. Kung'oa tunguu bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kisheria tangu 1981.

Mambo mengine niyapitie haraka. Kupe wapo, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, jikague magotini na kwapani ukifika nyumbani, na kupe umng'oe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza huwahi zaidi. Jiko la baa ya kijijini mara nyingi hufungwa kati ya mlo wa mchana na wa jioni, kwa hiyo beba chakula chako.

Sasa nifike kwenye njia yenyewe. Chukua ramani ya kipimo cha 1:25,000 ya Ordnance Survey, wakala wa taifa wa ramani. Kwa eneo hili ni namba 181. Kila mraba wa sentimita nne ni kilomita moja. Utaona vistari vya kijani vinavyokatiza mashamba, vinapita nyuma ya nyumba za watu, vinaingia msituni na kutokea upande wa pili. Vistari vifupi ni njia ya waendao kwa miguu. Virefu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Ukifika penyewe unakuta mshale juu ya mlingoti, wa njano kwa ile ya kwanza na wa buluu kwa ile ya pili. Penye ua pamewekwa kijigeti au ngazi fupi ya kuvukia.

Kistari kile ni sheria. Ardhi inaweza kuwa ya bwanyenye, ya kampuni au ya mkulima, lakini mstari ule ni wa umma kama barabara kuu ilivyo ya umma, na mwenye ardhi hana mamlaka ya kuufunga. Mkulima akilima juu yake anapewa siku 14 airudishe njia iwe wazi na ionekane, na ndani ya shamba isipungue upana wa mita moja. Akipanda mahindi juu yake, halmashauri ya kaunti inaweza kumlazimisha. Ukiacha mstari, hata hivyo, umo kwenye mali ya mtu. Watu hudhani Uingereza unatembea popote utakapo, na si kweli. Sheria ya 2000 ilifungua milima, nyika na mbuga za jumuiya, lakini misitu mingi ya binafsi haimo. Scotland wana haki pana zaidi tangu 2003.

Na haki hii haikutolewa kwa hisani. Pembeni kabisa mwa Ashridge kuna Berkhamsted Common, nyika ambayo wanakijiji walikuwa wakilisha mifugo na kukata kuni tangu enzi na enzi. Mwaka 1866 Lord Brownlow, mwenye Ashridge, aliizungushia sehemu kubwa uzio wa chuma. Mbunge mmoja wa zamani, Augustus Smith, aliyekuwa na haki katika nyika ile, akakodi wafanyakazi wa kujenga reli zaidi ya mia kutoka London. Wakaja usiku kwa treni, wakakata na kulaza uzio chini, na asubuhi wanakijiji wakaingia kuchuma matawi kuonyesha kwamba ni kwao. Kesi iliendelea hadi 1870, na bwana mkubwa akashindwa. Vuguvugu hilohilo ndilo lililozaa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, mwaka 1895, na 1926 shirika hilo likaanza kununua ardhi ya Ashridge ileile. Mwaka 1932 vijana wa viwandani wa Manchester walivamia kwa miguu mlima wa Kinder Scout, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 bunge likaziagiza halmashauri zichore kila njia ya umma kwenye ramani rasmi. Wanaosema Wazungu wamestaarabika kwa asili wasome habari hizi. Walizuiwa kama sisi tunavyozuiwa, wakagoma.

Twende nyumbani. Magofu ya Gede hayana haja ya kuionea wivu Aldbury. Ni mji mzima wa Waswahili uliokaliwa tangu karne ya 12 au 13 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17: msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo, na kaburi lililochorwa mwaka wa Hijria unaolingana na 1399. Mibuyu na mikuyu imeota ndani ya kuta za matumbawe, na kima wanaruka juu ya mihimili. Serikali iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria 1927. Kutoka Malindi au Mombasa unapanda matatu hadi njia panda ya Watamu, kisha unatembea kidogo. Kituo cha msitu wa Arabuko kiko mwendo mfupi wa boda kurudi upande wa Mombasa, na kwa hiyo mtu anaweza kuviona vyote kwa siku moja.

Ningeanza na msitu, saa kumi na mbili asubuhi. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko. Kwenye mchanga mweupe ni miti ya mirihi iliyoachana, yenye kivuli chepesi. Na kwenye udongo mwekundu wa magharibi ni kichaka kizito ambacho bundi mdogo wa Sokoke hujificha mchana. Ukitaka kumwona sengi, mnyama mdogo mwenye makalio ya dhahabu, usimtafute kwa macho kwanza. Simama kimya utasikia majani makavu yakichakarishwa, yananyamaza, yanachakarishwa tena: ni yeye anafukua wadudu kwa pua yake ndefu. Ukisogea anatimka, na unachobaki nacho ni ile rangi ya manjano ikipotea kichakani. Duniani pote hupatikana pwani hii tu ya Kenya, na Arabuko ndiyo ngome yake.

Hatari zake si za Ashridge. Kuna tembo, kwa hiyo usiingie bila mwongozaji, na upepo ukibadilika msikilize yeye. Nchi ni tambarare, haina kilima cha kukuelekeza, na vijia vya mchanga vinafanana. Watu hupotea hatua mia mbili kutoka barabarani. Masika gari la kawaida hunasa. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, suruali ndefu kwa sababu ya siafu na miiba, na simu yenye chaji, maana malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen.

Mwongozaji huyo ndiye kitu ambacho Uingereza hawana. Anakuonyesha gome la homa, mzizi wa tumbo, mti wa kuchonga mtumbwi, ndege kwa mlio wake. Huku maarifa hayo yamehamia kwenye vibao na programu za simu. Na ukienda kusini hadi Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, unafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na unaambiwa usichukue hata jani. Katazo la wazee liliilinda misitu ya kaya vizazi vingi kabla ya serikali kuanza kuitangaza rasmi mwaka 1992. Sioni kijiji cha Hertfordshire chenye kitu cha kulingana na hilo.

Tatizo letu ni njia. Ua wa umeme wa Arabuko una sababu, kwa kuwa unazuia tembo wasiingie mashambani. Lakini kati ya kijiji na msitu, kijiji na magofu, kijiji na bahari, kulikuwa na vijia vya akina mama wa kuni, wavuvi, na watoto wa shule. Kiwanja kinauzwa, ukuta unapanda, na kijia kinakwisha bila mtu kuulizwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitambua haki ya njia ya umma, ila ukichukua ramani ya Kenya ya 1:50,000 utaona vijia vimechorwa kama vilivyoonwa kutoka angani miaka mingi iliyopita. Haikuambii kipi ni haki yako na kipi ni mazoea tu. Mwenye ukuta anajua hilo, na wakili wake anajua zaidi.

Naamini tunaweza kuiga jambo moja la Waingereza bila kusubiri bunge. Huku, njia ikitumiwa na umma miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, huhesabiwa kuwa imetolewa kwa umma, ila kama mwenye ardhi amethibitisha kwamba hakukusudia. Ushahidi hukusanywa kwa karatasi ambayo kila mtumiaji hujaza peke yake, na maswali yake ni ya kawaida kabisa. Unatoka wapi kwenda wapi? Ulianza kupita mwaka gani, na kwa kazi gani? Kwa wiki mara ngapi? Uliwahi kukuta geti, kufuli au kibao? Kuna mtu aliwahi kukurudisha? Chora njia kwenye ramani, weka sahihi na tarehe.

Kenya karatasi hiyo haina uzito wa sheria kama huku, lakini mbele ya chifu, ofisi ya ardhi ya kaunti au mahakama ya ardhi, ushahidi wa wazee 30 ulioandikwa kabla ya ukuta una nguvu kuliko malalamiko ya watu 300 baada yake. Vyama vya wanajamii wa misitu tayari vina orodha ya wanachama na vikao. Kijana mmoja mwenye simu anaweza kutembea na mzee na kurekodi mstari mzima kwa GPS asubuhi moja. Aanze na vijia vinavyopakana na viwanja vilivyowekewa vigingi vya mpimaji, maana hivyo ndivyo vitakavyofungwa kwanza. Picha zipigwe penye kila kona, zikionyesha mti au kisima kinachojulikana, na nakala ya karatasi zote ikae kwa watu watatu wasioishi nyumba moja.