Michezo katika vyuo vidogo vya Marekani: anayevaa jezi ndiye anayelipa

Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vikuu vya Marekani kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wanaosema michezo imeiteka elimu ya juu wana hoja wakivitazama vyuo vikuu vikubwa kama Ohio State au Michigan. Lakini lawama hiyohiyo hubebeshwa vyuo vya Magharibi ya Kati ya Marekani vyenye wanafunzi elfu moja au mbili, na huko inakosea mlango.

Katika Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, ambako vingi vya vyuo hivyo vinacheza, ni marufuku kumpa mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Mchezaji analipa ada kama mwenzake wa maktaba. Chukua timu ya futiboli ya Kimarekani yenye vijana 100. Vyuo binafsi kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada, basi tuseme kila kijana anabaki kulipa dola 15,000. Hiyo ni dola milioni 1.5 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu malazi na chakula. Ondoa makocha, kofia ngumu, mabasi na matunzo ya uwanja. Mara nyingi bado kuna kinachobaki. Kwa chuo cha watu 1,000, vijana hao ni sehemu ya kumi ya wanafunzi wote. Tena ni wanaume, wakati ambapo karibu wanafunzi 6 katika kila 10 wa shahada ya kwanza nchini humo ni wanawake. Wengi wao wasingekijua chuo hicho kama kocha asingefika shuleni kwao.

Adrian College, chuo kidogo katika jimbo la Michigan, ililielewa hilo mapema. Jeffrey Docking alipokuwa rais wake mwaka 2005, wanafunzi walikuwa chini ya 1,000. Akajenga viwanja na ukumbi wa hoki ya barafuni, akaongeza timu, na kila kocha akapewa idadi ya wanafunzi wa kuleta. Miaka michache baadaye walizidi 1,500. Wanafunzi hao ndio wanaojaza madarasa ya kemia na historia.

Wapinzani nao wana jambo zito. Mwaka 2007 Marekani ilipata watoto milioni 4.3, na tangu hapo uzazi umeshuka. Waliozaliwa mwaka ule walitimiza miaka 18 mwaka 2025, kwa hiyo kila mwaka sasa kundi la kugombania linapungua, na chuo jirani nacho kinaanzisha mieleka na voliboli. Iowa Wesleyan, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilikuwa na futiboli na bado ikafungwa mwaka 2023. Lincoln College ya Illinois, nayo yenye timu, ilikuwa imefungwa mwaka mmoja kabla.

Sioni kwamba timu ndizo zilizoviua. Iowa Wesleyan ilielemewa na deni kubwa kwa Wizara ya Kilimo ya serikali kuu, na Lincoln ilipigwa na janga la korona kisha shambulio la kimtandao. Bila wachezaji vyuo vya namna hii vingefunga mapema zaidi, na miji midogo ingepoteza mwajiri wake mkubwa.

Kinachonisumbua ni kijana aliyefuata kocha, akakosa namba, akaondoka baada ya mwaka mmoja na mkopo mabegani. Chuo kimeshakula ada yake na kocha ameshatimiza idadi yake. Hapo utetezi wangu unafika mwisho. Kocha anayepewa idadi ya wa kuwaleta apewe pia idadi ya wa kuwafikisha kwenye mahafali, apimwe kwa zote mbili, na wazazi waonyeshwe takwimu za timu yake kabla hawajasaini chochote.