Kusahau sindano si sawa na mwili kutulia
Makala niliyosoma inasema mgonjwa wa dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) hasumbuliwi sana na sindano au kuwekewa mpira wa mkojo, kwa kuwa baada ya dakika chache anakuwa ameshasahau. Hapo napinga. Kusahau tukio ni jambo moja, mwili kutulia ni jingine kabisa: adrenalini, homoni ya mshtuko, hupanda ndani ya sekunde chache, lakini kotisoli, homoni ya msongo, hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu mshtuko uanze, yaani muuguzi ameshaondoka na mgonjwa hakumbuki hata kwamba alichomwa. Tena hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuizuia kotisoli isiendelee kumiminika, ndiyo Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, huishambulia mapema. Mama yangu hakuwahi kukumbuka kutolewa damu, ila mchana kutwa alikuwa mkali, anasukuma sahani, hataki kuguswa (na sisi tukiambiwa eti ni tabia za ugonjwa tu). Kilichomsaidia ni kuelezwa kila hatua kwa sauti ya chini huku mtu anayemfahamu akimshika mkono. Ganzi ya kupaka nayo ilipunguza maumivu, mradi ipakwe mapema. Wenzangu mnaouguza, huwa mnaruhusiwa kubaki chumbani wakati mgonjwa anachomwa?